Nat King Cole: Mpiga Piano Aliyemezwa na Sauti Yake

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, upande wa kusini wa jiji la Chicago, mtu asiye na senti ya kiingilio bado aliweza kumsikia Earl Hines akipiga piano katika ukumbi wa Grand Terrace. Muziki ulivuja hadi nje. Miongoni mwa vijana waliokuwa wakizurura nje ya kumbi za muziki kuusikiliza alikuwamo mtoto mmoja mwembamba wa mchungaji wa Kibaptisti, ambaye saa hizo alitakiwa awe kitandani. Hakufuata waimbaji. Alifuata mkono wa kulia wa Hines, ambao uliruka juu ya vitufe kwa noti kali za mojamoja kama za tarumbeta. Akirudi nyumbani, alijaribu yaleyale kwenye piano.

Jina lake lilikuwa Nathaniel Adams Coles. Wengi tunamjua kama Nat King Cole, na tunamjua kwa sauti tu, ile sauti nzito ya upole yenye mkwaruzo kidogo ambayo redio haziachi kuicheza kila Desemba. Ukimwambia mtu kwamba huyo kwanza alikuwa mpiga piano, tena wa daraja la juu kabisa katika kizazi chake, atadhani unamtania. Kwangu mimi hapo ndipo ilipo habari yake. Alikuwa na vipaji viwili, kimoja kikalipwa vizuri mno hadi kikakifukuza kingine.

Alizaliwa Machi 17, 1919, mjini Montgomery, jimbo la Alabama. Nat alipokuwa na umri wa miaka minne familia ilihamia Chicago, kama zilivyofanya familia nyingi za weusi zilizokuwa zikikimbia ubaguzi wa Kusini na kufuata kazi za viwanda vya Kaskazini. Huko baba yake, Edward, akawa mchungaji. Mama yake, Perlina, alipiga kinanda kanisani, na ndiye aliyemfundisha. Nyumba ile ilijaa muziki kupita kiasi, maana kaka yake Eddie na wadogo zake Ike na Freddy wote waliishia kuwa wanamuziki. Baba aliuona muziki wa jazz kuwa mambo ya kidunia, lakini hakufua dafu. Mwaka 1936 Nat, akiwa na miaka 17, aliingia studio kwa mara ya kwanza na bendi ya Eddie kurekodi kwa kampuni ya Decca, naye ndiye aliyepiga piano.

Mwaka uliofuata alijiunga na kundi lililokuwa likizunguka nchi na mchezo wa muziki uitwao Shuffle Along, akamwoa mmoja wa wachezaji wake, Nadine Robinson. Mchezo ukavunjikia Long Beach, California, kwa kukosa fedha. Wengine walitafuta nauli ya kurudi makwao. Cole na mkewe walibaki, naye akaanza kupiga piano kwenye baa za Los Angeles kwa ujira wa kubahatisha.

Hapo ndipo lilipozaliwa kundi ambalo, ukiniuliza, ndilo kubwa kuliko yote aliyoyafanya baadaye. Baa iitwayo Swanee Inn ilihitaji kikundi kidogo. Cole akamchukua Oscar Moore wa gita na Wesley Prince wa besi. Mpiga dramu hakuwapo. Wakati ule bendi kubwa za watu kumi na tano zilikuwa ndizo zinazotawala kumbi, na bendi bila dramu ilionekana jambo la ajabu. Watu watatu walilazimika kugawana kazi ambayo kwa kawaida ilifanywa na jeshi zima. Besi ilishika mwendo. Gita na piano, ala mbili ambazo kwa urahisi kabisa hukanyagana kwa kuwa zote hujaza nafasi ileile, zilijifunza kupishana: Moore akipiga noti za pamoja chini, Cole anacheza kwa kidole kimojakimoja juu; Cole akinyamaza, Moore anajibu. Mara nyingi walimaliza sentensi ya muziki pamoja, noti kwa noti, kwa kasi ambayo inamshangaza msikilizaji hata leo. Cole mwenyewe alikaa upande kwenye kiti, uso kwa watazamaji, akitabasamu, huku mikono ikifanya kazi peke yake pembeni kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Jina la “King” lilipatikana hapohapo Los Angeles. Ulikuwa ni utani uliotokana na wimbo wa watoto wa Kiingereza unaomtaja mfalme Cole. Akaacha ile herufi “s” ya mwisho wa jina la baba yake, na utani ukabaki naye hadi kaburini.

Kuna kisa kinachosimuliwa sana cha namna alivyoanza kuimba. Inasemekana mlevi mmoja kwenye baa alimng’ang’ania aimbe, mwenye baa akahofia kumpoteza mteja, Cole akakubali shingo upande, na dunia ikapata mwimbaji. Kisa kitamu, na Cole hakujisumbua sana kukikanusha kwa sababu kiliuza magazeti. Ukweli ni kwamba kundi lile liliimba tangu siku za mwanzo, mara nyingi wote watatu kwa pamoja, ili kubadilisha ladha kati ya nyimbo za ala tupu. Cole hakujiona kuwa mwimbaji. Hakuwa na sauti kubwa, wala hakuifikisha mbali juu. Alichokuwa nacho ni matamshi: kila neno lilitoka zima, lina mwanzo na mwisho, kama mtu anayekusimulia jambo mezani bila haraka. Mapigo aliyoyajua kwenye vidole aliyahamishia kwenye ulimi.

Mwaka 1942 watu watatu wa Los Angeles, mmojawao mtunzi wa nyimbo Johnny Mercer, walianzisha kampuni ya santuri ya Capitol. Kampuni ilianza kwa mkosi. Agosti mwaka huohuo chama cha wanamuziki kilipiga marufuku wanachama wake kurekodi, kikidai malipo kutokana na mauzo ya santuri, na studio zikakaa kimya. Capitol ilielewana na chama katika majira ya vuli ya 1943, na Novemba 30 mwaka huo kundi la Cole, sasa Johnny Miller akiwa kwenye besi baada ya Prince kuitwa jeshini, likarekodi wimbo uitwao Straighten Up and Fly Right.

Wimbo huo Cole aliutoa kanisani. Ulitokana na ngano aliyoisikia kwenye mahubiri ya baba yake. Tumbusi anawaalika wanyama wapande mgongoni awatembeze angani. Wakifika juu anawabwaga, wakishakufa anawala. Siku moja akampakia kima. Kima alipoona mambo yanaelekea kubaya, alimviringishia tumbusi mkia shingoni na kumkaba, hadi mwenye mbawa akalazimika kuruka kwa adabu. Mswahili aliyelelewa kwa hadithi ya Kima na Papa atamtambua mara moja mnyama huyu mdogo anayesafiri mgongoni mwa adui na kurudi nyumbani mzima. Na Wamarekani weusi waliousikia mwaka 1944 hawakuhitaji kuambiwa tumbusi ni nani.

Santuri iliuza zaidi ya nakala 500,000. Cole hakufaidi mirabaha ya utunzi, kwa sababu siku za njaa alikuwa ameuza haki za wimbo huo kwa mchapishaji Irving Mills kwa dola 50. Mills, kama ilivyokuwa desturi ya wachapishaji wengi wa zama zile, alijiandika pia kuwa mtunzi mwenza. Aliyetunga wimbo wa kumkaba tumbusi akakabwa yeye.

Kwa miaka michache iliyofuata aliweza kuwa yote mawili, mpiga piano na mwimbaji. Julai 2, 1944, katika ukumbi wa Philharmonic wa Los Angeles, Norman Granz aliandaa onyesho la kwanza la mfululizo uliokuja kuitwa Jazz at the Philharmonic, na aliyekaa kwenye piano ni Cole, Les Paul akiwa kwenye gita na Illinois Jacquet kwenye saksafoni. Mkataba wake na Capitol haukumruhusu kutumia jina lake kwingineko, basi kwenye santuri za onyesho lile akaitwa Shorty Nadine, jina alilolikopa kwa mkewe. Mwaka 1946 alirekodi na mpiga saksafoni Lester Young na mpiga dramu Buddy Rich, na kwenye lebo akaandikwa Aye Guy. Santuri hizo za kujificha ndizo ninazompa mtu asiyeamini. Hakuna kuimba humo. Kuna piano tu, nyepesi, yenye akili, isiyopoteza noti hata moja, na unaisikia humo njia waliyokuja kuipita akina Oscar Peterson na Ahmad Jamal.

Mwaka huohuo wa 1946 ndio ulioanza kumvuta upande wa pili. Mel Tormé na Bob Wells walimletea wimbo wa Krismasi walioutunga siku ya joto kali la kiangazi cha California, wakifikiria baridi ili angalau wapoe. Cole aliurekodi Juni na kundi lake la watu watatu, kisha akasisitiza urekodiwe upya kwa kuongezewa fidla. Kampuni ilisita, ikihofia kuharibu kitu kilichokuwa kikiuza vizuri jinsi kilivyo. Yeye akashinda, na toleo lenye fidla la Agosti ndilo lililotoka na kuvuma. Nalitaja hili kwa sababu wapenzi wa jazz hupenda kusema kwamba wafanyabiashara ndio waliomharibu. Fidla za kwanza alizidai mwenyewe.

Baadaye kukaja wimbo wa mtu mmoja wa ajabu, eden ahbez, aliyekuwa na ndevu na nywele ndefu, akivaa makubadhi, akila mboga na kulala nje kwenye vilima vya Hollywood miaka ishirini kabla mtindo huo haujawa fasheni. Alikwenda kwenye ukumbi alikokuwa akitumbuiza Cole, akaacha karatasi ya wimbo mlangoni kwa wasaidizi wake. Nature Boy ulirekodiwa Agosti 1947 ukawekwa kabatini. Januari 1, 1948, chama cha wanamuziki kikapiga tena marufuku ya kurekodi. Capitol ilipoutoa wimbo ule miezi michache baadaye, kampuni nyingine hazikuweza kuuiga kwa haraka kama ilivyokuwa kawaida, kwa kuwa wapigaji ala walikuwa mgomoni. Frank Sinatra aliurekodi kwa kusindikizwa na kwaya tupu bila ala. Cole alikuwa na okestra nzima, na uwanja wote ukawa wake. Wimbo ulikaa kileleni mwa chati kwa wiki nyingi, na kwa mara ya kwanza Marekani ilimwona akisimama, piano ikiwa nyuma yake.

Maisha ya nyumbani nayo yalibadilika. Aliachana na Nadine, na Machi 28, 1948, Jumapili ya Pasaka, akamwoa Maria Hawkins Ellington, mwimbaji aliyewahi kufanya kazi na Duke Ellington bila kuwa na undugu naye. Harusi ilifungwa Harlem, katika kanisa la Abyssinian Baptist, na aliyewafungisha ndoa ni mchungaji na mbunge Adam Clayton Powell. Miezi michache baadaye wakanunua nyumba katika mtaa wa matajiri wa Hancock Park, Los Angeles. Hati za nyumba za mtaa ule zilikataza kuuziwa watu weusi, lakini Mei mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeamua kwamba mahakama haziwezi kutekeleza masharti ya aina hiyo. Majirani waliunda kamati, wakakusanya fedha kumrudishia alizotoa, wakamwambia hawataki watu wasiofaa wahamie pale. Cole akawajibu kwa utulivu kwamba hata yeye hawataki, na akimwona yeyote asiyefaa akiingia mtaani atakuwa wa kwanza kulalamika. Jibu hilo limesifiwa mno, na kweli ni zuri. Halikumaliza kazi. Mbwa wao aliwekewa sumu, na neno la matusi likachomwa kwenye majani ya bustani mbele ya nyumba. Mwaka 1951 watu wa kodi wakaja kuikamata nyumba hiyohiyo kwa deni lililozidi dola 140,000. Alibishana nao, akapanga kulipa kidogokidogo, akabaki.

Ili kulipa alihitaji vibao, na vibao vilikuja. Mona Lisa wa 1950, uliotungwa kwa ajili ya filamu na kushinda tuzo ya Oscar, ulipangiwa muziki na kijana aliyekuwa bado hajulikani, Nelson Riddle, na jina la mwingine likawekwa kwenye santuri. Too Young ukafuata 1951, na mwishoni mwa mwaka huo Unforgettable. Lile kundi la watu watatu likafifia hadi likawa historia. Tangu 1951 mabango yalimtaja yeye peke yake. Mwaka 1956 Capitol ilifungua makao makuu mapya Hollywood, jengo la mviringo la ghorofa kumi na tatu, na wenyeji wa biashara ile walilitania kwa kuliita nyumba iliyojengwa na Nat.

Mwaka huo wa 1956 ndio mgumu kuueleza kuliko yote.

Aprili 10 alikuwa Birmingham, Alabama, mwendo mfupi wa gari kaskazini ya mji alikozaliwa. Huko Montgomery, muda huohuo, weusi walikuwa mwezi wa tano wakienda kazini kwa miguu, wamegomea mabasi yaliyowabagua. Katika ukumbi wa manispaa wa Birmingham yalipangwa maonyesho mawili usiku mmoja: la kwanza kwa Wazungu tupu, la pili kwa weusi. Cole aliyakubali masharti hayo. Bendi iliyomsindikiza ilikuwa ya Mwingereza Ted Heath.

Alikuwa kwenye wimbo wa tatu. Wanaume kadhaa wakatoka mbio kutoka nyuma ya ukumbi, wakaruka jukwaani, mmoja akamvaa Cole na kumwangusha chali juu ya kiti cha piano. Polisi walikuwa karibu kwa sababu tetesi zilikuwa zimewafikia, na mapigano yakazuka palepale jukwaani. Bendi ya Heath, isijue la kufanya, ikapiga wimbo wa taifa wa Uingereza. Washambuliaji walitoka katika kundi la wabaguzi lililoongozwa na Asa Carter, ambaye kwa wiki kadhaa alikuwa akihubiri kwamba muziki wa weusi ni njama ya kuwaharibu vijana wa Kizungu. Carter huyu baadaye aliandika hotuba za gavana George Wallace, na mwishowe akajibadili jina na kuandika kitabu maarufu akijifanya yatima wa Kicherokee. Kusini mwa Marekani kuna visa ambavyo mtunzi wa riwaya asingethubutu kuvibuni.

Baada ya kitambo Cole alirudi jukwaani akichechemea. Ukumbi mzima, Wazungu watupu, ulisimama ukampigia makofi kwa dakika nyingi. Akawaambia alikuja kuwaburudisha tu, akidhani ndicho walichokitaka, na kwamba mgongo wake hauruhusu kuendelea. Lakini saa chache baadaye, usiku uleule, aliendelea. Alipanda tena na kumaliza onyesho la weusi, ambao hawakumfanya lolote.

Kipigo kilichofuata kilitoka kwa watu wake. Magazeti ya weusi yaliuliza kwa nini alikubali kuimbia ukumbi uliobaguliwa. Huko Harlem baa ziliondoa santuri zake kwenye mashine za muziki. Wakuu wa chama cha NAACP, kilichokuwa kikiendesha kesi za haki za weusi, walimsema hadharani. Cole alijibu kwamba yeye si mwanasiasa, kwamba hawezi kumbadilisha mtu kwa kususia, na kwamba alikuwa amezishtaki mahakamani hoteli zilizomnyima chumba. Muda mfupi baadaye alilipa dola 500 akawa mwanachama wa maisha wa NAACP. Waliomkosoa walikuwa na hoja, na wiki zile watu wa kawaida wa Montgomery walikuwa wakichakaza viatu kuithibitisha. Hata hivyo siwezi kuusoma mkasa ule bila kuona kwamba walimtaka mtu aliyelelewa na adabu ya kanisani aigeuze adabu ile kuwa ngumi kwa siku moja. Miaka iliyofuata alisogea, polepole, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa akichangia na kuimba kwenye hafla za kukusanyia fedha harakati za haki.

Majira ya kiangazi baada ya Birmingham alifanya jambo ambalo namshukuru nalo. Aliingia studio bila okestra, akawaita wakongwe wachache wa jazz, akiwamo Harry Edison wa tarumbeta na Stuff Smith wa fidla, akakaa kwenye piano. Santuri ya After Midnight ilitoka 1957. Ndani yake anaimba na kupiga kwa pamoja, na unasikia mtu aliyerudi nyumbani kwake akakuta funguo bado zinafungua. Mwaka uleule alitoa pia Love Is the Thing, fidla za Gordon Jenkins mwanzo hadi mwisho, na hiyo ndiyo iliyofika nambari moja. Soko lilipiga kura.

Novemba 5, 1956, kituo cha NBC kilianza kurusha The Nat King Cole Show. Hakuwa mtu mweusi wa kwanza kupewa kipindi chake kwenye televisheni ya Marekani. Mpiga piano Hazel Scott alikuwa nacho mwaka 1950 kwenye mtandao wa DuMont. Ila Cole alikuwa nyota mkubwa wa taifa zima, na watu walidhani safari hii mambo yatakuwa tofauti. Dakika kumi na tano kila Jumatatu, kisha tangu Julai 1957 nusu saa. Watu walikitazama. Kilichokosekana ni mdhamini.

Televisheni ya siku hizo iliendeshwa kwa mtindo wa kampuni moja kununua kipindi kizima na kukiita chake. Mawakala wa matangazo wa New York, ambao ofisi zao zilijazana mtaa wa Madison Avenue, waliwashauri wateja wao wasijiweke karibu na mtu mweusi, wasije wakasusiwa na wanunuzi wa Kusini. Wapo waliosema mweusi hawezi kuuza rangi ya mdomo. Kwa hiyo NBC ikabeba gharama yenyewe, na wasanii wakaja kumwokoa kwa kukubali malipo ya chini kabisa yaliyoruhusiwa na chama chao: Ella Fitzgerald, Harry Belafonte, Peggy Lee, Mel Tormé, Eartha Kitt. Kwenye kamera kila ishara ilipimwa. Mgeni wa kike akiwa Mzungu, ilibidi kuangaliwa Cole anasimama umbali gani.

Kituo kilipotaka kukihamishia kipindi Jumamosi jioni mapema, saa ambayo watazamaji wake walikuwa wachache, alikataa. Cha mwisho kilirushwa Desemba 17, 1957. Aliisifu NBC kwa kuvumilia, na lawama zote akazipeleka Madison Avenue, mtaa ambao, alisema, unaogopa giza. Miezi miwili baadaye aliandika makala katika jarida la Ebony akieleza kinagaubaga kwa nini aliacha. Baada ya miaka ya kuambiwa ni mpole kupita kiasi, hapo hakuwa mpole.

Nje ya Marekani hakukuwa na matatizo ya rangi ya mdomo. Alitumbuiza katika klabu ya Tropicana mjini Havana, na mwaka 1958 akatoa Cole Español, nyimbo za Kihispania alizojifunza kwa kukariri sauti za maneno, kwa kuwa lugha yenyewe hakuijua. Wazungumzaji wa Kihispania walizicheka lafudhi zake na kuzinunua santuri kwa wingi. Miaka ileile, bendi za Léopoldville zilikuwa zikiimba Kihispania cha kubuni juu ya rumba ya Kuba, na hakuna aliyelalamika huko pia.

Miaka ya mwisho nitaipita haraka, kwani kimuziki haina mengi. Mwaka 1962 Ramblin’ Rose, wimbo wenye harufu ya muziki wa wakulima wa Kizungu, uliuza zaidi ya nakala milioni moja. Vijana walikuwa wamehamia kwenye rock, naye kwenye maonyesho yake ya Las Vegas aliimba kichekesho kikisema Bwana Cole hatacheza rock and roll.

Alivuta sigara za menthol aina ya Kool, pakiti zipatazo tatu kwa siku, akiamini ndizo zinazoipa sauti yake uzito. Januari 1964 mganga mkuu wa serikali ya Marekani alitoa ripoti iliyounganisha sigara na saratani ya mapafu. Mwaka huo wote Cole alikonda. Alirekodi filamu ya Cat Ballou akiwa tayari mgonjwa, na mwanzoni mwa Desemba, mjini San Francisco, akamaliza santuri yake ya mwisho, L-O-V-E, ambayo ukiisikiliza bila kujua tarehe utadhani mwimbaji ana afya tele. Siku chache baadaye akalazwa Santa Monica. Januari 25, 1965, madaktari waliondoa pafu la kushoto. Februari 1 baba yake, mchungaji Edward, alifariki. Nat alimfuata Februari 15, akiwa na miaka 45. Kwenye mazishi, mchekeshaji Jack Benny ndiye aliyezungumza kwa niaba ya wasanii, na miongoni mwa wabebaji wa heshima walikuwamo Robert Kennedy, Frank Sinatra na Count Basie.

Kilichofuata ni malipo ya deni kutoka pande mbalimbali. Mwishoni mwa mwaka uleule Oscar Peterson, mpiga piano mwenye mikono ya kutisha kuliko wote wa wakati wake, alirekodi santuri ya heshima, With Respect to Nat, na baadhi ya nyimbo humo amezipiga kwa piano, gita na besi bila dramu. Ajabu ni kwamba Peterson aliimba pia, kwa sauti inayofanana mno na ya marehemu. Mwaka 1991 binti wa Cole, Natalie, aliyekuwa na miaka 15 baba alipofariki, aliimba Unforgettable pamoja naye kwa kuunganisha sauti yake na mkanda wa zamani, na tuzo za Grammy za mwaka uliofuata zikamwagika. Mamilioni ya watu walimjua Cole kwa njia hiyo, yaani kama sauti bila mikono.

Na Bwana Cole aliyekataa rock and roll? Mwaka 2000 alitiwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, katika kundi la watangulizi. Si upendeleo. Ray Charles alianza maisha yake ya muziki kwa kumwiga yeye, hadi kuunda kundi la watu watatu la piano, gita na besi. Na Chuck Berry alisema wazi kwamba alipokuwa akijifunza kuimba alitaka matamshi ya Nat Cole, ili kila neno la nyimbo zake za magari na shule lisikike hadi mwisho wa ukumbi.